Jibu: Kiunganishi hakioni maktaba iliyo ndani ya /opt

Ndugu, umeeleza kwamba umesakinisha zlib (maktaba ya kubana data) ndani ya /opt/zlib na kutaja -I/opt/zlib/include (mahali pa kutafuta faili za vichwa), lakini ujenzi bado unakwama kwa ujumbe "cannot find -lz". Ujumbe huo hautoki kwa kompaila bali kwa kiunganishi (linker, programu inayounganisha msimbo uliokompailiwa na maktaba): faili za vichwa zimekwisha kusomwa, ila -I haimwambii kiunganishi chochote.

Kwanza angalia kama libz.so (faili la maktaba ya zlib) imo ndani ya lib au lib64 ya /opt/zlib, kwani ikiwapo libz.so.1 peke yake haitasaidia. Kiunganishi hutafuta jina lisilo na namba ya toleo. Kisha endesha upya:

./configure LDFLAGS="-L/opt/zlib/lib -Wl,-rpath,/opt/zlib/lib"

pamoja na CPPFLAGS yako ya awali (yenye ile -I); ikiwa libz.so imo ndani ya lib64, andika lib64 badala ya lib. Sehemu ya rpath (njia ya maktaba inayohifadhiwa ndani ya programu yenyewe) usiiache, maana -L, inayomwonyesha kiunganishi mahali pa maktaba, hutumika wakati wa kujenga tu, na bila rpath programu inaweza kujengeka vizuri kisha ikagoma kuanza, jambo ambalo amri ya ldd (inayoorodhesha maktaba ambazo programu inahitaji) italionyesha kwa maneno "not found". Wengi hukimbilia LD_LIBRARY_PATH, kigezo cha mazingira kinachotaja saraka za kutafutia maktaba. Mimi huiona inafaa kwa majaribio tu, kwa sababu huathiri kila programu inayoanzishwa kutoka kwenye sheli hiyo.