Maswali yenu: wageni wa nyuma ya nyumba

Machi ndio hii, jua limekaza na masika bado yanajivuta. Nimekaa kwa ngazi za mlango wa jikoni hapa Uthiru, Nairobi, na chai yangu, nijibu maswali yenu ya ndege na wanyama wadogo wa nyumbani nikiwaangalia.

*Naishi gorofa ya nne mtaa wa Pipeline, sina hata nyasi. Nitaona nini?*

Angalia juu bana. Mwewe hawakosi, mdomo wa njano na mkia uliogawanyika, anayeshuka ghafla mtoto akishika smokie. Pia mbayuwayu, wale wa Ulaya wanarudi kwao Machi na Aprili, so waone sasa.

*Kuna kinyonga wa pembe tatu kwa fensi ya kayaba, shosho anataka tumchome eti ni mkosi.*

Aki mwambie shosho apoe. Huyo ni kinyonga wa Jackson, na pembe hizo tatu kwa kawaida ni za dume. Hana sumu yoyote. Vinyonga wengi wanataga mayai lakini huyu anazaa watoto wakiwa wazima, vidogo kama kijiti cha kiberiti. Wangu nilimpata Jumapili asubuhi kukiwa bado na baridi, amejibandika kwa tawi, ubavu mzima mweusi akiota jua, jicho moja linaniangalia mimi na lingine linamfuata nzi, nikangoja hadi chai ikapoa na dakika kumi baadaye alikuwa kijani kama hakuna kitu kimefanyika. Msimwingize kwa nyumba, kufuga mnyama wa porini bila kibali cha KWS (shirika la wanyamapori Kenya) ni makosa.

*Kwarara wananiamsha saa kumi na moja alfajiri. Nifanye?*

Hama. Ama uwasamehe, ule mdomo mrefu unachimba funza wanaokula mizizi ya nyasi zako.

*Naweka mchele nje na hakuna ndege anakuja.*

Wiki hizi shida yao ni maji, sio chakula. Chukua karai bovu, maji yasizidi vidole viwili, weka jiwe katikati nyuki wasizame, na ubadilishe kila siku usije ukafuga mbu. Jana saa nane ndege wanane aina ya pasa walikuja na ile mikia yao mirefu, wakamaliza kuoga wakaenda kumaliza paipai ya jirani (hajui nimewaalika mimi). Ukitaka ndege chozi panda mshubiri, huyo anafuata maua.

*Mvua ikianza, Nairobi flai nitamfanya nini?*

Mpulize. Sio nzi, ni mbawakawa mwembamba wa nyekundu na nyeusi, hang'ati, sumu iko ndani yake na inakuchoma tu ukimponda. Ukishamponda osha na sabuni haraka na usiguse macho. Usiku anafuata taa. Mimi nilimponda shingoni nikiwa nusu usingizi, nikavaa skafu wiki nzima na ofisini kila mtu akawa na stori yake.