Binti yangu hakuwa na homa

Juzi usiku dada mmoja ameniandikia akiwa wodini. Mwanawe ana siku tisa, yuko siku ya nne ya sindano za kutibu vijidudu kwenye damu, ameanza tena kunyonya, na nyumbani wanamwambia aombe ruhusa aondoke. Nilisoma nikatetemeka, maana maneno hayo nami niliambiwa.

Binti yangu alikuwa na siku sita. Homa hakuwa nayo, na hapo ndipo nilipokosea. Alilala tu. Nikimpa ziwa analamba kidogo, analiacha. Miguu ya baridi hata ndani ya blanketi. Mama mkwe akasema, "Mwache, ametulia, nawe upumzike." Nikapumzika. Mpaka leo inaniuma. Asubuhi nikampeleka kituo cha karibu, wakatupa dawa ya maji, tukarudi. Jioni kifua kikawa kinabonyea ndani kila akivuta pumzi.

Hospitalini walimtoa damu ya kuotesha, yaani kupima ni vijidudu gani vimo, kisha wakaanza sindano za kuua bakteria, ampisilini na jentamaisini, papo hapo. Majibu huchukua siku mbili tatu, na kichanga mwenye vijidudu kwenye damu hana siku hizo. Yalipotoka: Klebsiella, aina ya bakteria, na jentamaisini haiiwezi. Wakabadilisha dawa. Siku kumi na nne, kanula, kile kimrija cha kupitishia dawa kwenye mshipa, ikihama mkononi, mguuni, hadi kichwani. Sasa yuko chekechea, anaimba nyumba nzima.

Kwa hiyo mama mwenzangu, usingoje mwili uchemke. Kichanga akishuka chini ya nyuzi 35.5 ni hatari kama akifika 38. Akikataa ziwa, akipata degedege, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, asiposogea mpaka umguse, nenda hospitali usiku huohuo, hata kama mkwe atanuna. Usimpe amoksilini iliyobaki ya kaka yake. Usisubiri kukuche kama nilivyosubiri mimi.

Nawe dada uliyeniandikia, mtoto ananyonya kwa sababu dawa inafanya kazi. Kwa kawaida sindano hizi huenda siku 7 hadi 10, na zaidi vijidudu vikifika kwenye utando wa ubongo. Kesho daktari akipita, muulize majibu ya damu yamesemaje na zimebaki siku ngapi. Nyumbani waambie wakuletee uji na khanga za kubadilisha.