Kazi ya kompyuta za utafiti ipo hapahapa Dodoma, ila haina jina unalolitafuta

Wiki iliyopita kuna kijana alinisimamisha pale Ng'ong'ona akaniambia, dada shikamoo, nimemaliza sayansi ya kompyuta mwaka jana, nimeomba Ajira Portal mara tisa sijaitwa hata intavyu moja, na nimesikia wewe unafanya mambo ya sava za watafiti, yaani zile kompyuta kubwa zinazotunza na kuchakata data zao, hiyo kazi inapatikanaje? Bajaji ilikuwa inanisubiri, nikamjibu juujuu tu nikaondoka, na tangu siku hiyo roho inanisuta. Kwa hiyo naandika hapa vile nilivyotakiwa kumjibu, na wadogo zangu wengine mnaotoka vyuoni msome.

Kwanza, ukitafuta tangazo la kazi limeandikwa "kompyuta za utafiti" utasubiri sana. Serikalini utaona Afisa TEHAMA Daraja la II, utaona Mtakwimu, utaona Mtafiti Msaidizi, basi. Kwenye miradi utaona Data Manager au msaidizi wa data. Nje ya nchi ndio wana jina kabisa, Research Software Engineer, jina lenyewe lilizaliwa Uingereza mwaka 2012 na wao pia kabla ya hapo walikuwa wanafanya kazi hiyohiyo chini ya vyeo vya watu wengine, kwa hiyo hili la kukosa jina sio letu peke yetu. Unachotakiwa kufanya ni kusoma majukumu yaliyoandikwa chini ya cheo. Ukiona kusimamia sava, kutunza data za utafiti, kusaidia watafiti kuchakata data, kuendesha hazina ya machapisho ya chuo, hiyo ndiyo yenyewe.

Na sehemu zipo. Ukiacha UDOM hapa, angalia vituo vya utafiti wa kilimo vya TARI, Makutupora kwenye zabibu na Hombolo kwenye mtama, angalia TALIRI, taasisi ya utafiti wa mifugo, kule Mpwapwa, ofisi ya takwimu ya taifa iko hapahapa mjini, Morogoro kuna chuo kikuu cha kilimo SUA, Arusha kuna chuo cha sayansi cha Nelson Mandela, na Ifakara kwenye utafiti wa malaria wameanza kushughulika na data nyingi siku nyingi sana. Kote huko kuna mtu ana data zimemzidi kimo.

Sasa nieleze nilivyoingia mimi, maana hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu yote.

Nilikuwa na mkataba wa mwaka mmoja, kazi yangu kwenye karatasi ilikuwa kufunga printa na kubadilisha nywila za watu. Siku moja akaja Dokta mmoja wa mambo ya mimea, mama mtu mzima, laptopu ameibeba kwenye kikapu imefunikwa kanga kwa sababu ya vumbi. Nikamwamkia, nikamuuliza shida nini, akasema hii mashine ina siku tatu inakokotoa haimalizi, na usiku umeme ukikatika inaanza upya. Alikuja kuomba aunganishiwe kwenye sava kubwa. Mimi nilikuwa na jibu rahisi la kumpa, kwamba sava hatuna ya namna hiyo, mama nenda. Ila nikamwambia Dokta kaa, nionyeshe kwanza unafanya nini.

Skripti yake, yaani faili la maagizo kwa kompyuta, ilikuwa ya R, lugha ya programu ya takwimu, kama mistari mia mbili. Ndani ya mzunguko, yaani ile sehemu inayorudiwa mara elfu kumi, kulikuwa na mstari unaofungua faili la data na kulisoma lote. Kwa hiyo faili moja lilikuwa linasomwa mara elfu kumi. Nikaukata ule mstari nikaupandisha juu ya mzunguko, usome mara moja tu. Ikamaliza dakika arobaini, kwenye laptopu ileile, hatukuhitaji sava yoyote. Ila majibu yaliyotoka yakawa ya ajabu, vijiji vimekuwa vingi kuliko alivyotembelea, tukaanza kuangalia data yenyewe. Wadodosaji wake walikuwa wanne na kila mmoja na mwandiko wake. Mmoja kaandika Hombolo Bwawani, mwingine Hombolo bwawani, mwingine H/Bwawani, kompyuta ikahesabu vijiji vitatu. Tarehe nayo, 03/04, huyu anamaanisha tarehe tatu mwezi wa nne, laptopu ya yule mwingine imesetiwa Kimarekani inasoma Machi 4, na hapo unaongelea lini mtama ulipandwa, yaani mwezi mzima unahama. Tulikaa siku mbili tunasafisha. Yeye anajua kilimo, mimi najua faili, kila mmoja alikuwa anamuuliza mwenzake maswali ya kitoto na hakuna aliyeona aibu.

Miezi kadhaa baadaye akaandika andiko la mradi mpya, na kwenye bajeti akaweka mstari wa mtu wa data. Akanipigia, kijana wangu, nimeshaweka nafasi, uombe. Nikaomba, nikafanyiwa usaili kama wengine, nikapata.

Najua mtu atasema basi ni koneksheni hiyo. Hapana, sikuwa namjua yule mama, sio ndugu yangu, hatutoki kijiji kimoja. Alichokijua kuhusu mimi ni kwamba nilikaa na tatizo lake. Kazi nyingi za huku zinazaliwa hivi, ndani ya bajeti ya mradi kabla hazijawa tangazo, na anayeandika bajeti anamfikiria mtu aliyewahi kumtoa kwenye shida. Kwa hiyo kama uko fildi sasa hivi kwenye chuo au kituo cha utafiti, usikae ofisi ya TEHAMA unasubiri printa iharibike, omba ruhusa kwa msimamizi wako uende kwa watafiti ukaulize wanachakataje data zao. Utakuta Excel tupu. Na Excel ina madhara makubwa, Uingereza mwaka 2020 katikati ya korona walipoteza kwa muda taarifa za wagonjwa 15,841 kwa sababu walitumia faili la aina ya zamani, .xls, ambalo mwisho wake ni mistari 65,536, iliyozidi haikuingia na hakuna aliyegundua kwa siku kadhaa. Ile ni nchi tajiri. Wewe ukijua kitu kama hicho na ukamwonyesha mtu kwa upole bila kumdharau, umeshaanza kazi.

Cha kusoma. Anza na Linux, mfumo endeshi wa bure unaokaa mahali pa Windows, usihangaike na kingine kwanza. Tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zilizo kwenye ile orodha ya dunia ya kompyuta kubwa zinatumia Linux, hakuna hata moja nje, kwa hiyo hapo hupotezi muda. Laptopu ya zamani ya RAM GB 4 inatosha. Baada ya hapo Git, ya kutunza historia ya mabadiliko ya skripti zako, halafu lugha ya Python au R, moja tu uijue vizuri. Masomo ya Software Carpentry, yanayofundisha watafiti mambo hayohayo, yako bure kabisa, ni maandishi sio video, kwa hiyo bando dogo la usiku linakutosha kuyashusha yote ukasoma ukiwa huna intaneti.

Ukishazoea terminali, lile dirisha la kuandikia amri, ndio uguse klasta. Klasta ni kompyuta nyingi zimeunganishwa zifanye kazi kama timu, na watu wanaingia kwa foleni inayosimamiwa na programu, mara nyingi Slurm. Unaandika skripti ndogo unasema nahitaji nodi ngapi, yaani kompyuta ngapi za klasta, kumbukumbu kiasi gani, kwa masaa mangapi, unaituma, unasubiri zamu. Kosa utakaloliona kila siku ni mtu kuomba kori 64, yaani vichakataji 64, wakati programu yake inajua kutumia moja tu, sitini na tatu zimekaa bure na wenzake wako foleni. Kumwelewesha mtu hilo bila kumkwaza ni nusu ya kazi. Na hii unaweza kujifunza bila klasta ya kweli, tafuta desktopu mbili chakavu, waya wa mtandao na swichi ndogo, weka Slurm mwenyewe. Itakusumbua wiki mbili tatu, lakini kwenye intavyu utaongea kitu ulichokigusa.

Kuna upande wa mtandao ambao vijana wengi hawaujui. Vyuo na taasisi zetu za utafiti zina mtandao wao, TERNET, nao umeungana na wenzake wa ukanda huu kupitia UbuntuNet Alliance yenye ofisi Lilongwe, na kutoka hapo unafika GÉANT, mtandao kama huo wa Ulaya. Ule wa eduroam, ile Wi-Fi unayoikuta vyuoni, pia uko humo. Mwalimu wa hapa akienda chuo kingine, hata cha nje, anafungua laptopu na inaingia intaneti yenyewe, na nywila yake haikaguliwi na kile chuo alichotembelea, ombi linarudi mpaka sava ya chuo chake huku nyumbani, ikikubali ndipo kule anafunguliwa. Sasa fikiria sava ya huku ikiwa imezima, mtu yuko mkutanoni Nairobi hana intaneti na tatizo liko Dodoma. Lazima awepo mtu wa kuilinda ile sava. Ukijua vizuri mambo ya utambulisho wa watumiaji namna hii unahitajika, na wanaojua ni wachache.

Niwaambie na kosa langu, kwa sababu wengi mtapewa funguo za sava mkiwa bado wabichi. Mahali nilipofanya kazi baadaye nilitengeneza bakapu ya kila usiku kwa rsync, programu ya kunakili faili, nikaiwekea ile amri ya kufuta, maana yake kisichokuwepo kwenye diski ya kwanza kifutwe na kwenye bakapu ili vilingane. Usiku mmoja umeme ukakatika, sava ikawaka upya, ile diski ya kwanza ikagoma kupanda, yaani kuunganishwa kwenye mfumo ili faili zake zionekane, kwa sababu ilikuwa imeharibika. Folda yake ikabaki pale, tupu. Saa nane usiku skripti ikaamka, ikaona folda tupu, ikafanya nilichoiagiza, ikafuta bakapu yote. Asubuhi sikuwa na kitu pande zote mbili. Wiki sita za madodoso ya watu. Nilitetemeka, ila saa mbili kamili nilikuwa mlangoni kwa bosi nikamweleza kila kitu kama kilivyo. Fomu za karatasi zilikuwepo, tukakaa timu nzima tunaingiza upya kwa wiki tatu. Tangu hapo skripti zangu zinakagua kwanza kama diski imepanda, nakala ni tatu na moja iko jengo lingine, na kila mwezi narudisha faili kadhaa kutoka kwenye bakapu nione kama kweli zinafunguka, kwa sababu bakapu ambayo hujawahi kujaribu kuirudisha hujui kama unayo. Umeme wetu na vumbi la kiangazi la hapa, feni zinajaa mpaka mashine inazima yenyewe kwa joto, kwa hiyo na brashi na blowa ni vifaa vyako vya kazi.

CV. Badala ya kuandika "najua Python", weka skripti yako GitHub, tovuti ya kuhifadhi skripti, yenye maelezo ya jinsi ya kuitumia, halafu iunganishe na Zenodo, hazina ya kazi za utafiti ya CERN, kituo cha fizikia cha Ulaya, ni bure, inakupa DOI, namba ya kudumu kama ya makala, hiyo unaiandika kwenye CV na kwenye ORCID yako, utambulisho wa mtafiti mtandaoni. Ila data za watu usiweke kamwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika Mei 2023, na kufuta jina peke yake hakutoshi, ukiandika kijiji, umri na ugonjwa, kwenye kijiji kidogo kila mtu anajua ni nani huyo.

Mikataba ya miradi ni mifupi, mwaka, miaka miwili, pesa ya mfadhili ikiisha na wewe umeisha. Uliza mapema mambo ya bima na NSSF, na mwezi wa tisa wa mkataba wa mwaka anza kuuliza kinachofuata, usisubiri wa kumi na mbili. Kujitolea sio vibaya, lakini kubalianeni muda, miezi mitatu au sita, na nauli, na barua mwishoni yenye kueleza ulichofanya. Anayekuomba hela ili akupe kazi, ondoka.

Na wewe kijana wa Ng'ong'ona, kama haya yamekufikia, Jumanne mchana huwa nipo pale CIVE, koleji ya kompyuta ya UDOM, kwenye viti vya nje. Njoo na laptopu na hayo maombi yako tisa tuyasome pamoja, na kama una rafiki anaandika tasnifu na data zinamsumbua, mlete.