Kufuga aksolotli ukiwa Dodoma: anza na maji yako na joto lako

Mdogo wangu uliyeuliza uko Ng'ong'ona, umeona aksolotli kwenye video na unataka uanze na tenki moja dogo la kioo, eti ununue nini kwanza. Mimi nipo Nkuhungu, tenki nimekaa nalo mwaka wa nne sasa na walinifia samaki wengi mwanzoni, kwahiyo nakujibu kwa urefu maana sipendi nawe upite kule nilikopita.

Aksolotli sio samaki, ni amfibia, kundi moja na vyura, jamii ya salamanda, na kwao ni kwenye maji ya Xochimilco pale Mexico City ambako siku hizi wako hatarini kabisa kutoweka. Yale manyoya yanayotoka pembeni ya kichwa ndo matamvua yake ya kupumulia, anazeeka nayo, habadiliki kama kiluwiluwi anavyokuwa chura. Sasa shida iko hapa: anataka maji ya baridi, nyuzi 16 mpaka 18, ikipita 24 anaanza kuumia, anaacha kula, ngozi inaota fangasi. Na wewe unajua Oktoba na Novemba hapa mjini mchana ukoje, nje 30 na zaidi, na chumba cha bati kisicho na silingibodi ndo usiseme. Usiku wa Juni na Julai kweli tunashuka mpaka 13 au 14 lakini mnyama haishi Juni na Julai tu.

Mimi nilijaribu kupooza tenki langu. Wale mliokulia kwenye nyumba yenye mtungi mnajua maji ya mtungini yanavyokuwa ya baridi hata jua likiwa kali, ni kwasababu maji yanatoka kidogokidogo kwenye udongo yanakauka, yakikauka yanaondoka na joto. Tenki nalo ni hivyohivyo, ukifunua mfuniko ukaelekeza feni ndogo juu ya maji, na hewa yetu hii kavu, joto linashuka vizuri tu. Langu lilikua linatoka 29 linafika 26, siku yenye hewa kavu zaidi 25. Kwa samaki imetosha sana, ila kwa aksolotli 25 bado ni mateso. Bila mashine ya kupoozea maji, au chumba chenye AC inayowaka usiku na mchana, na umeme ukikatika uwe na pa kukimbilia, usimlete, nakuambia kwa moyo mweupe. Halafu yumo kwenye orodha ya pili ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, kumvusha mpaka kunataka vibali, kwahiyo mtu akikuambia anakuletea kwenye begi kimyakimya usikubali.

Kama kilichokuvuta ni kuwa na kiumbe cha majini nyumbani ukakitunza kikakuzoea, basi tazama kwanza maji yanayotoka bombani kwako. Maji yetu mengi yanatoka visima virefu vya Mzakwe kule Makutupora, ni mazito, yana chumvichumvi, angalia ule ukoko mweupe kwenye birika. Watu wanayalaumu kwa chai na kwa nguo lakini kuna samaki wa kwetu wenyewe wanayapenda kabisa, wale wa mawe wa Ziwa Nyasa wanaoitwa mbuna, pamoja na wadogo wa Tanganyika. Maziwa yale maji yake yana madini, pH (kipimo cha uchachu wa maji, ikipita 7 si machachu) inaenda mpaka 8 na kitu, joto 24 mpaka 27. Yaani mtu huko nje anatia chumvi na madawa ili apate maji ambayo wewe unafungua koki yanatoka.

Mimi sikuyajua haya. Nilianza na samaki wa dhahabu watano, nikajaza maji asubuhi, jioni nikawatia, nikawapa chakula kingi kwasababu walikua wanakuja juu na nikadhani wana njaa. Siku ya tatu wa kwanza akaelea, siku ya sita nilikua nimebaki na mmoja, mwanangu akawa anaamka anakimbilia kwenye kioo kuhesabu. Iliniuma sana. Sikuwa nimeelewa kwamba kinyesi na mabaki ya chakula yanatoa amonia, na amonia inaunguza matamvua, na kwenye maji yenye pH ya juu halafu ya joto kama yetu inakua kali zaidi kuliko sehemu za baridi. Kinachookoa ni bakteria wanaokaa kwenye sponji ya kuchujia maji na kwenye mchanga, kundi moja linageuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, kundi la pili linaigeuza naitreti ambayo si kali, unaitoa kwa kubadilisha maji. Hawa bakteria wanachukua kama wiki 4 mpaka 6 kujijenga na njia nzuri ya kuwaharakisha ni kupata sponji iliyokwisha kutumika kwenye tenki la mtu.

Tenki la pili nilichongesha kwa fundi vioo, sentimita 90 kwa 35 kwa 35, hiyo ni lita 110 hivi, kumbuka lita moja ni kilo moja kwahiyo ukijumlisha kioo na mchanga usiweke juu ya stuli au meza ya plastiki. Mwambie fundi asitumie silikoni yenye dawa ya kuzuia ukungu, ile inaua, atumie ya kawaida isiyo na dawa kisha uliache wiki nzima likauke. Chini ya tenki weka lile povu jeupe linalokuja na boksi la friji. Mchanga nilichota korongoni nikaosha mara kumi na kitu mpaka maji yakatoka meupe, mawe niliokota mlimani, haya ya granaiti yetu hayana neno. Usiku huohuo nikawasha pampu ya hewa na filta ya sponji, maji nikayaacha siku nzima yakibubujika kwa hewa ili klorini iondoke, halafu nikawa natupia chembe za chakula kwenye tenki tupu. Mke wangu alikua anauliza unamlisha nani. Wiki ya sita kipimo kikaonyesha amonia sifuri na naitraiti sifuri ndo nikamwambia jamaa wa Dar anifungie mbuna wa njano sita.

Walikuja na basi. Hawakulishwa siku moja kabla, mfuko maji theluthi moja na hewa theluthi mbili, ndani ya boksi la povu. Walifika wote wazima. Mfuko unauelesha kwenye tenki robo saa joto lilingane, unaongeza maji ya tenki kidogokidogo, halafu unawatoa kwa wavu, yale maji ya mfuko usiyamwage ndani.

Sasa jambo ambalo video haziwaambii watu wa huku kwetu. Kwa ukavu huu, na feni juu, maji yanapungua vidole viwili kwa wiki, na wewe unaongeza, unaongeza, unaona uko sawa. Kumbe kinachopaa ni maji matupu, chumvi yote inabaki, kila ukiongeza ya bomba unazidisha. Kile kimstari cheupe kwenye kioo ndo ushahidi wake, kinafutika kwa siki. Kwahiyo kuongeza sio kubadilisha. Kila wiki toa robo ya maji kwanza, mwagilia mchicha yanaupendeza sana, ndo ujaze mapya. Sponji isuguliwe ndani ya maji uliyotoa tenkini, ukiiosha bombani unaua bakteria wengi na unaweza kurudi siku ya kwanza. Umeme ukikatika pampu ndogo ya USB na pawabanki inakuvusha usiku.

Chakula mara moja kwa siku, kile wanachomaliza kwa dakika mbili. Mwaka jana mmoja alikataa kula karibu wiki tatu, kidevu kimevimba, nikajua anaumwa, kumbe ni jike kabeba mayai mdomoni. Siku aliyoyatema madogo tulikaa chini mimi na mwanangu tukahesabu kumi na nne.

Ukishachongesha tenki lako na maji yamekaa siku mbili niandikie, nitakukatia nusu ya sponji yangu. Njoo na ndoo yenye mfuniko, isafirishwe ikiwa imelowa, ukifika uiweke ndani hapohapo.