Biri Inayoungua Upande Mmoja: Maswali Yenu

Biri yangu upande mmoja unakimbia, mwingine umeganda. Nimeuziwa mbovu?

Usimlaumu muuzaji kwanza. Mara nyingi tatizo huanzia kwenye kuwasha. Upande ulioshika moto wa kwanza hutangulia, na ukishatangulia ni vigumu wa pili kuufikia. Kabla ya kuiweka mdomoni, ishike biri juu kidogo ya ncha ya moto bila kuigusisha, uizungushe polepole mpaka ukingo wote uwe mweusi. Kisha vuta huku ukiendelea kuizungusha. Puliza mwisho wake taratibu: ukiona duara zima limekuwa jekundu, umewasha. Ukiona nusu, rudia. Tumia njiti ndefu au kiberiti cha gesi. Cha petroli huacha harufu kwenye tumbaku.

Nilinunua biri Havana, nimeziweka kabatini hapa Mombasa. Zinazimikazimika na kuungua mshazari. Kwa nini?

Unyevu. Ningeombwa nitaje sababu moja tu ya matatizo haya yote, ningetaja hii. Biri hutunzwa kwenye unyevu wa asilimia 65 hadi 70 na joto la nyuzi 18 hadi 21, na hewa ya pwani huvuka hapo kwa urahisi. Jani lililojaa maji haliungui mpaka maji yatoke, kwa hiyo moto hukwama penye maji mengi na kukimbilia palipo pakavu. Isitoshe, jani la nje hunyonya unyevu mapema, ya ndani huchelewa, basi biri moja inakuwa na hali mbili.

Tafuta kasha lenye mfuniko unaobana na paketi za kudhibiti unyevu za asilimia 65. Kipima unyevu usikiamini kabla ya kukijaribu: weka chumvi ya mezani kwenye kizibo cha chupa, idondoshee maji iwe uji mzito bila kuyeyuka, uifungie pamoja na kipima kwenye mfuko usiopitisha hewa kwa siku nzima. Kinapaswa kusoma 75. Kikisoma 70, ujue kinapunguza tano. Friji usiisogelee, hukausha majani na kuyatia harufu ya vyakula.

Niko Dubai, kiyoyozi hakizimwi. Zangu zinapasuka jani la nje.

Zimekauka. Zirudishie unyevu kidogo kidogo, kwa wiki kadhaa. Ukizilowesha ghafla, majani ya ndani huvimba na kulipasua la nje zaidi.

Nimewasha vizuri na nimetunza vizuri, bado inaungua vibaya. Sasa?

Sasa tunaweza kumwangalia aliyeiviringisha. Biri ya Kuba hujazwa majani ya aina kadhaa. Volado, la chini ya mche, huungua kwa wepesi. Seco ni la katikati. Ligero, la juu lililopigwa na jua, ni nene, lina mafuta na huungua polepole, ndiyo maana huwekwa katikati kabisa. Likisogea pembeni, upande huo utachelewa hata uwashe kwa ustadi gani. Fundi mzuri hukunja kila jani peke yake kama kijibomba ili hewa ipite sawasawa. Anayeyalaza yote pamoja kama kurasa za kitabu huacha upande mmoja umebana. Jani la nje nene na jeusi nalo linaweza kubaki nyuma, katikati pakachimbika shimo.

Moshi wa biri hauvutwi mapafuni. Basi hauna madhara?

Si kweli. Nikotini hupenya kupitia ngozi ya ndani ya mdomo, na biri husababisha saratani ya mdomo, koo na umio. Moshi wake humdhuru pia aliyekaa karibu, kwa hiyo watoto wasiwepo.

Ikishaanza kwenda upande, naiokoaje?

Mapema. Lowesha kidole kwa maji kidogo, pakaza ukingo unaokimbia, kisha upitishie moto mfupi upande uliochelewa bila kuvuta. Ondoka mbele ya feni. Mvuto mmoja kwa dakika unatosha: ukivuta kwa pupa biri hupata joto kali na upande mwepesi hutoroka tena, ukiisahau huzimika. Baada ya kurekebisha mara tatu bila mafanikio, iache izimike, na zilizobaki zirudi kwenye kasha lenye unyevu sahihi kabla hujawasha nyingine.