Je, kutokuamini kwangu ndo kulimzuia mama asipone?

SWALI: Bwana asifiwe mchungaji. Mama yangu alikuwa na kansa ya shingo ya kizazi, akaanza mionzi pale Ocean Road, katikati tukampeleka kwa mtumishi mmoja akasema mgonjwa akiendelea na mionzi anaonyesha hana imani, basi tukaacha. Tulifunga, tuliomba, mafuta tulipaka. Mama akafariki mwezi wa tatu. Nilipomrudia yule mtumishi akanisomea Marko 6:5, akasema hata Yesu Nazareti alishindwa kwa sababu ya kutokuamini, na kwamba yeye aliona mashaka moyoni mwangu. Na kweli mchungaji mashaka yalikuwepo, kuna usiku mama analia maumivu nikamwambia Mungu kama unaweza mponye, kama huwezi mchukue. Je mimi ndo nilimzuia? Na sasa mdogo wangu anatokwa na damu siku ambazo sio zake, naogopa hata kumuombea nisije nikaharibu tena.

JIBU: Bwana asifiwe sana dada yangu, na pole, pole sana kwa mama.

Hapana. Hukumzuia mama yako. Natanguliza jibu kabla ya maelezo kwasababu najua hili swali umelala nalo na kuamka nalo tangu mwezi wa tatu, sasa ukitaka kuishia hapa kwenye jibu ishia hapa, maelezo utasoma siku moyo ukitulia.

Tufungue hiyo Marko 6 maana uliyosomewa ni nusu mstari. Mstari wa 5 wote unasema hakuweza kufanya mwujiza wowote huko, "isipokuwa aliweka mikono yake juu ya wagonjwa wachache, akawaponya." Kwahiyo hata Nazareti kwenyewe, kijiji kilichomkataa, kuna watu walilala wazima siku ile. Na Mathayo akieleza habari hiyohiyo (13:58) anasema hakufanya miujiza mingi huko, hasemi alishindwa.

Alafu angalia kutokuamini kwa Nazareti kulikuwa kwa namna gani. Hawakuwa watu wanaolia usiku pembeni ya kitanda cha mgonjwa. Walikuwa wanasema huyu si yule seremala, si mama yake tunamjua, ndugu zake si hawa, dada zake si tunao hapa hapa, wakajikwaa kwake. Ni dharau ile. Luka naye akisimulia habari za Nazareti (4:29) anasema walimtoa nje ya mji wakampeleka mpaka ukingo wa kilima wamtupe chini. Sasa mtu anayetaka kumtupa Yesu bondeni ataanzaje kumletea mgonjwa wake? Rudi Marko, shuka mwisho wa sura hiyohiyo ya 6, mstari wa 53 na kuendelea, uone Genesareti, watu wanakimbia nchi nzima wamebeba wagonjwa na vitanda vyao, wanawalaza sokoni ili waguse tu upindo wa vazi lake. Hiyo ndo tofauti Marko anayotuonyesha, wale hawakuleta na hawa wameleta. Na wewe dada ulimleta mama yako. Ulimleta kwa kufunga, ulimleta kwa kulia. Mtu anayeleta mgonjwa kwa Yesu huwezi kumuweka Nazareti hata kama anatetemeka.

Sasa twende Marko sura ya 9, na hapa naomba usome polepole. Kuna baba ana kijana anayetupwa na pepo kwenye moto na kwenye maji tangu utoto, ameshawaendea wanafunzi wameshindwa, amechoka, anamwambia Yesu "ukiweza neno lolote, utuhurumie, na kutusaidia." Umesikia alivyosema? Ukiweza. Ni maneno yako ya usiku ule. Yesu akamshika hapohapo kwenye hilo neno, "Ukiweza! Yote yawezekana kwake aaminiye," na baba akapaza sauti, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Kwa Kigiriki neno alilotumia hapo ni apistia, na ndo neno hilohilo Marko aliloandika 6:6 kwamba Yesu alistaajabia kutokuamini kwa watu wa Nazareti. Neno ni moja. Lakini Nazareti wamelikumbatia na kumfungia Yesu mlango, huyu baba amelibeba akaja nalo kwa Yesu akasema na hili pia nisaidie. Yesu hakumwambia nenda kaombe siku tatu mashaka yaishe ndo urudi. Kijana alipona dakika zilezile, baba akiwa na mashaka yake.

Na kuna jambo huwa linanishangaza, sura hii inahubiriwa kila siku ila hili linarukwa. Wanafunzi walipouliza faraghani mbona sisi hatukuweza kumtoa, Mathayo 17:20 anasema Yesu aliwajibu ni kwa sababu ya upungufu wa imani yenu. Yenu nyinyi mlioweka mikono. Hakumlaumu baba, hakumlaumu mtoto. Hata Yakobo 5:15 inaposema kuomba kwa imani kutamwokoa mgonjwa, wanaoomba hapo ni wazee wa kanisa walioitwa, mgonjwa amelala tu. Sasa mtumishi akichukua upungufu wa imani akautwisha mgonjwa au mtoto wa marehemu, amegeuza Maandiko kichwa chini miguu juu, na nasema hivi kwa uchungu kwasababu mimi mwenyewe nilishafanya.

Nilikuwa kijana, ndo kwanza nimetoka chuo cha Biblia, nikaingia wodi ya watoto nikamwambia baba mmoja aongeze imani. Alikuwa ameshika soksi moja ya mtoto wake, ndogo, ya njano, ya pili ilikuwa imedondoka chini ya kitanda. Akaniangalia akasema "mchungaji, niongeze kwa kutumia nini?" Sikuwa na jibu. Niliinama nikaokota ile soksi nikampa, nikakaa chini kwenye sakafu, na nadhani kile kukaa ndo ilikuwa huduma pekee niliyofanya siku ile.

Kwenye Injili wamepona watu ambao ukiitafuta imani yao huioni. Yule wa birikani Yohana 5, ameugua miaka 38, kaulizwa wataka kuwa mzima akajibu kwa malalamiko kwamba hana mtu wa kumtia majini, na alipopona hata hakumjua aliyemponya. Mjane wa Naini hakuomba chochote, alikuwa analia tu anaenda kumzika mwanawe, na mwanawe akafufuliwa. Malko alikuja na kundi la kumkamata Yesu, akakatwa sikio, Yesu akamponya, akarudi na sikio lake zima.

Na wapo wenye imani ambao hawakupona, au hawakupona kwa wakati tunaoutaka sisi. Paulo ambaye leso zake zilikuwa zinapelekwa kwa wagonjwa wanapona (Matendo 19:12), huyohuyo anaandika kuhusu mwenzake wa safari, "Trofimo nalimwacha huko Mileto, hawezi." Hawezi, kwa Kiswahili cha ile Biblia yetu ya zamani, maana yake mgonjwa, na huko pwani wazee bado wanasema siwezi leo, yani naumwa. Yakobo naye ndo anaanza hivohivo, "mtu wa kwenu amekuwa hawezi?" Mtu wa kwenu, yani wa ndani ya kanisa. Timotheo alikuwa na tumbo na magonjwa ya mara kwa mara, Paulo hakumkemea, alimwambia atumie mvinyo kidogo, ambayo wakati ule ilikuwa dawa. Paulo mwenyewe aliomba mara tatu mwiba utoke, akajibiwa "neema yangu yakutosha." Na Elisha, nabii aliyefufua mtoto wa Mshunami, 2 Wafalme 13:14 inasema aliugua ugonjwa uliomfisha, alafu mistari michache mbele maiti inagusa mifupa yake inafufuka. Nani atasema Elisha alikufa kwa kukosa imani?

Kuhusu mionzi nitasema waziwazi. Kumwambia mgonjwa aache tiba ili athibitishe imani ni mafundisho mabaya na hayana msingi kwenye Biblia. Mfalme Hezekia alipougua aliomba kwa machozi, Mungu akamuongezea miaka 15, na Isaya yuleyule aliyeleta neno la Mungu ndo aliyesema leteni mkate wa tini muweke juu ya jipu. Luka anaitwa tabibu mpendwa na hakuna mahali ameambiwa aache utabibu. Nyinyi mliacha mionzi kwasababu mlimuamini mtu aliyejiita msemaji wa Mungu, hilo ni deni lake mbele za Mungu, sio lako.

Sasa mdogo wako. Damu ya siku zisizo zake ina sababu nyingi na nyingi sio kansa, ila msikae nyumbani mkibahatisha. Mpeleke kituo cha afya wiki hii, waambieni kabisa kwamba mama alikuwa na kansa ya shingo ya kizazi, aombe apimwe, na hata ikiwa ndo yenyewe ikiwahiwa mapema inatibika. Waite na wazee wa kanisa lako wamuombee na kumpaka mafuta kama Yakobo alivyosema, siku hiyohiyo ya kipimo kama mnaweza, na atakayefungua mdomo kusema kipimo ni kukosa imani mwambie kwa heshima kwamba atoke.

Na wewe muombee. Mshike mkono ukiwa kwenye foleni uombe hivohivo kwa sauti ndogo, na "kama unaweza" ikitoka mdomoni iache itoke, ulishaona yule baba aliitamka mbele ya Yesu na kijana wake akasimama. Majibu ya kipimo yakitoka niandikie, usiku au mchana.