Muulize Fundi: Kwa nini glaida yangu ya roketi inapinduka?

SWALI: Shikamoo fundi. Nimeunda glaida ya roketi ya kuongozwa kwa rimoti, yaani ndege ndogo inayopandishwa na roketi kisha inaelea kurudi chini: bawa la pembetatu, foamu, mota ya daraja E mkiani. Nikiirusha kwa mkono, ganda la mota likiwa tupu, inaelea vizuri sana. Nikiiwasha kwenye reli, inapanda kama mita 10, inapindukia mgongoni na kurudi chini. Pua imevunjika mara mbili. Je, bawa limepinda?

JIBU: Marahaba. Bawa lililopinda lingeizungusha kama kekee, lisingeipindua mgongoni kila mara. Naona makosa mawili, na yote umeyataja mwenyewe: uliipima ganda likiwa tupu, kisha ukaiwasha kwa mpangilio uleule.

Weka mota iliyojaa mahali pake, bila kiwashio, halafu ibebe glaida kwa ncha za vidole viwili, kimoja chini ya kila bawa, mpaka itulie. Tia alama ya kalamu hapo. Rudia kwa ganda tupu. Kwenye glaida iliyo mezani kwangu sasa hivi alama hizo zimeachana milimita 12, nami huziona nyingi mno. Fueli iliyo mkiani inavuta kitovu cha uzito nyuma, na glaida inakosa utulivu wakati inapouhitaji zaidi. Sogeza betri mbele, ongeza kipande cha madini ya risasi puani ikibidi, mpaka mota iliyojaa ikupe alama pale ilipokuwa ya ganda tupu.

Shida hii ni kongwe. Tarehe 11 Juni 1928, kule mlima Wasserkuppe, Ujerumani, rubani Fritz Stamer alirusha glaida iliyoitwa Ente kwa roketi mbili za baruti. Chini ya sakafu yake walifunga vizito vya kurekebisha kitovu cha uzito kadiri baruti inavyoungua. Safari ya pili roketi ililipuka, ndege ikashika moto, lakini Stamer alitua na kutoka salama. Mimi kila nikisogeza betri huvikumbuka vile vizito. Miaka ya 1960 wanamodeli wa Marekani walipata njia nyingine: mota inatupwa ikishaungua, glaida inabaki nyepesi. Glaida ya roketi kama yako haina ruhusa hiyo. Katika daraja la S8, la glaida za roketi, kwenye mashindano ya FAI, shirikisho la kimataifa la michezo ya anga, kikidondoka kipande chochote umeondolewa.

Sasa elevoni, yaani vibao vya kuongozea vilivyo ukingo wa nyuma wa bawa. Ili bawa la pembetatu lielee, huwa zimeinuliwa milimita chache, na hivyo ndivyo ulivyoziacha. Lakini mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya hewa juu yake inakuwa mara nne, ndiyo maana pua inavutwa mgongoni. Panga swichi ya rimoti iwe na hali mbili: ya kupanda, elevoni zikiwa karibu sawa na bawa, na ya kuelea. Ibadilishe mwendo ukishapungua, si mara tu moto unapozima.

Hukuniambia nambari ya mota. Herufi E inataja jumla ya msukumo wa mota kwa muda wote inapoungua, hadi nyutoni-sekunde 40. Nambari inayofuata herufi inataja wastani wa msukumo, kwa nyutoni. E6 inaungua kwa sekunde 6 hivi, polepole, nawe unapata nafasi ya kuiongoza. Glaida ya gramu 300 ina uzito wa kama nyutoni 3, kwa hiyo 6 zinatosha kuipandisha wima. Hakikisha ni mota isiyo na baruti ya kufyatua parachuti, maana hapa haina kazi isipokuwa kuharibu.

Na siku ya kurusha, iweke relini mgongo ukikutazama. Hapo ukivuta fimbo inakuinamia, ukisukuma inakwenda mbali nawe. Zoea hilo mota ikiwa haijawashwa, mpaka vidole visiulize.